Siku nne Nyeri: makazi ya mwisho ya Baden-Powell

Siku ya kwanza, Ijumaa: Nairobi hadi Nyeri

Kutoka Nairobi hadi kwenye kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, ni kilomita 150 hivi, na basi lisilosimama ovyo huzimaliza kwa saa mbili na nusu au tatu. Kwa sababu hiyo makundi mengi ya skauti huenda na kurudi siku hiyohiyo: kufika saa tano, picha kaburini, soda, safari ya kurudi. Hurudi na picha ya jiwe tu. Mlima Kenya hawakuuona kwa kuwa saa tano ulishajifunika mawingu, nyumba aliyoishi waliipitia mbio, na hakuna aliyewaeleza jenerali wa Uingereza alifuata nini katika mji mdogo wa milimani. Mpango huu ni wa siku nne. Umepimwa kwa skauti 24 na viongozi watatu, basi dogo la viti 33, viti sita vinavyobaki vikiwa vya mahema, sufuria na chakula.

Msianzie barabara ya Thika. Anzieni Kenyatta Avenue saa moja asubuhi, kabla ya msongamano, kwenye sanamu za shaba za mwaka 1928 zinazowakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yako kwa lugha tatu, Kiswahili ikiwa mojawapo, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Skauti mmoja ayasome kwa sauti. Kisha piteni Kariokor, mtaa uliorithi jina la kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, kama Kariakoo ya Dar es Salaam ilivyolirithi. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1919 mpango wa kuwagawia mashamba wanajeshi wa Kizungu waliostaafu. Mpagazi hakugawiwa shamba. Jambo hili lisemwe mapema, kwa kuwa mji mnaouendea umezungukwa na ardhi ya hadithi hiyo.

Njia ni Thika, Kenol, Makutano, Sagana, Karatina. Wageni hukosea mahali pawili. Makutano, barabara ya Embu huachana na ya Nyeri. Baada ya Karatina, pale Marua, anayenyoosha mbele huenda Kiganjo na Nanyuki, kwa hiyo dereva lazima akate kushoto kuingia Nyeri. Wanaosafiri kwa matatu waulize kabla ya kulipa nauli kama gari linafika Nyeri mjini, maana mengine mwisho wake ni Karatina.

Chakula kinunuliwe Karatina sokoni. Kwa watu 27, ugali wa mlo mmoja unataka unga kilo 7, yaani robo kilo kwa kichwa. Githeri inataka mahindi makavu kilo 4 na maharagwe kilo 2 na nusu. Maharagwe yalowekwe usiku uliotangulia, na hili halina mjadala. Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 au karibu yake. Mpishi aliyezoea Mombasa atakaa motoni saa moja zaidi na bado atakuta punje ngumu. Mboga za Karatina nazo zina historia ya vita: katika Vita Kuu ya Pili palijengwa hapa kiwanda cha kukausha mboga za kulisha majeshi, na wakulima wa Kikuyu ndio waliokilisha kiwanda.

Usiku wa kwanza ni wa Mafeking, mji wa Afrika Kusini uliompa Baden-Powell jina. Bila Mafeking, jiwe mtakaloliona Jumapili halina maana.

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857, akaingia jeshini mwaka 1876 katika kikosi cha wapanda farasi cha 13th Hussars kilichokuwa India. Alipigana au kupeleleza Afrika Kusini, Ashanti (Ghana ya leo) na Matabele (Zimbabwe ya leo). Huko Matabele mwaka 1896 aliamuru chifu Uwini apigwe risasi baada ya mahakama ya kijeshi. Uchunguzi ulifanywa, akaondolewa lawama. Kilichompa jina ni mji mdogo wa Mafeking, uliozingirwa na Makaburu kuanzia tarehe 13 Oktoba 1899 hadi 17 Mei 1900, siku 217. Alikuwa na watu wachache na silaha duni, basi akapigana kwa hila. Masanduku ya mchanga yalizikwa hadharani kana kwamba ni baruti. Askari waliagizwa wainue miguu juu wanapotoka kwenye mahandaki, kama wanaoruka seng'enge, na seng'enge yenyewe haikuwapo. Taa moja ya asetilini iliyofungwa kwenye debe la biskuti ilihamishwa kutoka ngome hadi ngome, Makaburu wakaamini mji mzima una taa za kumulika usiku.

Hila ya taa ichezwe uwanjani. Chukua debe la bati lenye uso mmoja wazi, tochi yenye nguvu na kitambaa kizito. Chagua vituo vinne vilivyoachana hatua 60 au zaidi. Kundi moja ni Makaburu, linakaa mbali na kuhesabu taa. Kundi la pili lina taa moja tu. Washa kituo cha kwanza sekunde kumi, funika, kimbia, washa cha tatu, funika, rudi cha pili. Wengi huharibu kwa kutembea taa ikiwa wazi, na hapo adui huona mwanga mmoja ukihama. Kosa la pili ni kufuata mpangilio, moja, mbili, tatu, nne, kwani anayehesabu ataugundua kwenye mzunguko wa pili.

Wakiisha kucheka, waelezwe upande wa pili. Ndani ya Mafeking Waafrika walikuwa wengi kuliko Wazungu, hasa Barolong, watu wa jamii ya Watswana, na baadhi yao walishika bunduki kuulinda mji. Chakula kilipopungua, wao ndio waliopunguziwa zaidi. Wengi waliuziwa uji mchachu wa makapi ya nafaka ya farasi, na kuna waliosukumwa watoke mjini wapite katikati ya mistari ya Makaburu, wakauawa njiani. Sol Plaatje, kijana aliyekuwa mkalimani wa mahakama, alikuwa humo na aliandika kumbukumbu za kila siku. Kiongozi anayewasimulia skauti taa na seng'enge akanyamazia uji huo anawapa nusu ya habari, na skauti kazi yake ni kusoma alama zote zilizo chini.

Siku ya pili, Jumamosi: Paxtu

Hoteli ya Outspan iko nje kidogo ya mji, juu ya bonde la mto Chania. Neno outspan ni la wasafiri wa mikokoteni wa Afrika Kusini: kufungua ng'ombe nira mwisho wa mwendo. Aliyeijenga ni Eric Sherbrooke Walker, rubani wa Vita Kuu ya Kwanza aliyewahi kuwa mateka Ujerumani, na kabla ya hapo katibu wa Baden-Powell katika siku za mwanzo za uskauti. Hicho ndicho kiungo cha Nyeri na bwana huyu. Alifika kumtembelea Walker mwaka 1935, akaipenda hewa na mlima, na husimuliwa kwamba alisema kadiri mtu anavyoikaribia Nyeri ndivyo anavyoikaribia raha.

Kijumba cha Baden-Powell, Paxtu, kimo ndani ya viwanja vya hoteli, kwa hiyo hakuna mlango wa kukifikia bila kupitia mapokezi. Piga simu wiki moja kabla, taja idadi, uliza kiingilio cha wanafunzi na cha watu wazima, na uliza hasa kama kijumba kitakuwa wazi saa mtakayofika. Msiingie 27 kwa pamoja. Gaweni makundi matatu, kila moja dakika 25, na wanaosubiri wakae bustanini wakichora mlima.

Jina Paxtu lina maana mbili. Nyumba yake ya Hampshire iliitwa Pax Hill, kilima cha amani, naye akaifanya hii kuwa Pax ya pili. Kiingereza cha "mbili" (two) na cha "pia" (too) hutamkwa sawa, kwa hiyo ni Amani ya Pili na pia ni Amani Vilevile. Alihamia humo mwishoni mwa 1938 akiwa na miaka 81, pamoja na mkewe Olave aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 32. Siku yao ya kuzaliwa ni moja, tarehe 22 Februari.

Alikuja kwa sababu ya maradhi ya moyo. Aliacha jeshi mwaka 1910, miaka mitatu baada ya kambi ya majaribio ya kisiwa cha Brownsea yenye wavulana wapatao 20, na kwa miaka 27 iliyofuata hakutulia. Jamborii yake ya mwisho, yaani mkutano mkubwa wa skauti wa dunia, ilikuwa ya Uholanzi mwaka 1937. Baada ya hapo madaktari wakamkataza pilikapilika. Nyeri ilimpa baridi ya wastani, veranda, ndege na wanyama. Alichora kwa rangi za maji na kuandika juu ya wanyama na ndege wa Kenya hadi karibu na mwisho.

Ndani ya kijumba tazameni udogo wake kwanza. Huyu alikuwa bwana mwenye cheo cha ubaroni, aliyesimamia vuguvugu la mamilioni, na sehemu ya kuishi haizidi nyumba ya mwalimu. Kisha tazameni kuta. Skafu zimening'inizwa kwa wingi, zimeletwa na skauti na Girl Guides (skauti wa kike) wa nchi nyingi, pamoja na beji na picha. Kundi likitaka kuacha skafu, jina la kundi, mji, nchi na tarehe viandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye upindo mrefu, si kwenye ncha ya mgongoni. Ncha hufunikwa na skafu ya jirani, na skafu isiyosomeka haina mwenyewe. Mwulizeni mwangalizi aitundike yeye. Msipige misumari.

Zoezi la humu lisihitaji kelele. Kila skauti akae dakika moja katikati ya chumba akitazama, atoke, aandike vitu 24 alivyoviona. Ni mchezo wa kumbukumbu aliouingiza Baden-Powell mwenyewe katika mafunzo. Wanaoshindwa huwa wametazama kila kitu kwa haraka. Wanaoweza hushika ukuta mmoja, wakaumaliza, wakahamia wa pili.

Kijumba hiki kilipokea askari mwingine. Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba milia wala watu wa Kumaon, milima ya India, alipeleka kikosi cha watu 500 wa milima hiyo Ufaransa mwaka 1917, na katika Vita Kuu ya Pili akawafundisha wanajeshi kuishi msituni kabla ya kupelekwa Burma. India ilipopata uhuru, aliuza nyumba yake ya Nainital, akahamia Kenya mwishoni mwa 1947 na dada yake Maggie, wakaishi Paxtu. Veranda moja, mlima mmoja, wazee wawili wa vita waliotafuta utulivu kwa kupishana miaka michache. Skauti wengi huondoka Nyeri bila kulijua hili, na ni hasara kubwa.

Siku ya tatu, Jumapili: kaburini

Ondokeni kambini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mlima huonekana vizuri tangu kupambazuka hadi saa tatu hivi; zaidi ya hapo ni bahati. Januari na Februari ndiyo miezi bora. Machi hadi Mei ni masika, na Julai anga hukaa kijivu hata siku tatu mfululizo. Tena ni Jumapili, waumini wa kanisa la Mtakatifu Petro, lenye makaburi alimozikwa, wanakuja ibadani, hivyo kundi liwe limemaliza mapema. Nyasi zina umande mzito: viatu vya kufunika, soksi za akiba. Sweta haina mjadala mwezi wowote.

Jua huchomoza upande wa mlima, kwa hiyo picha ya alfajiri itautoa mlima mweusi kama ulivyokatwa kwa mkasi. Anayetaka theluji ionekane angoje jua lipande kidogo.

Baden-Powell alifariki Paxtu tarehe 8 Januari 1941, na miaka 83. Uingereza ilikuwa katikati ya vita na mabomu. Jiwe la kumbukumbu liliwekwa baadaye Westminster Abbey. Mwili ulibaki hapa, ukazikwa kwa heshima za kijeshi huku skauti wakiwapo. Katika makaratasi yake ilikutwa barua ya kuwaaga skauti, inayowataka waiache dunia ikiwa bora kidogo kuliko walivyoikuta.

Jiwe ni la kawaida. Lina beji ya skauti na beji ya Girl Guides, jina, cheo cha Mkuu wa Skauti wa Dunia, tarehe mbili, na chini yake duara lenye nukta katikati. Hapo ndipo pa kusimama. Mtoto yeyote aliyefuata alama za njia anaijua alama hiyo: ndiyo ya mwisho, huwekwa pale mwekaji alipomaliza, na maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Kijana aliyewahi kuichora vumbini kwa kijiti akiikuta juu ya kaburi hahitaji hotuba. Viongozi, nyamazeni hapo dakika mbili.

Ili iwapate hivyo, njia itandikwe kabla. Viongozi wawili watangulie nusu saa, waweke alama kutoka walipolala hadi karibu na lango la makaburi: mshale wa mawe kwa "fuata huku", msalaba kwa "si njia hii", mraba wenye namba na mshale kwa "barua iko hatua kadhaa upande huu". Alama huwekwa upande wa kulia wa njia, zisipishane zaidi ya hatua 50 penye njia panda. Tumieni mawe na vijiti vilivyoanguka. Msikate matawi, msichore kwa rangi. Zinazoharibika ni zile za ukingoni mwa barabara, kwa kuwa boda boda huzikanyaga kabla kundi halijafika, basi ziwekeni ndani ya nyasi. Duara la mwisho msiliweke. Liko tayari.

Kaburi ni mnara wa taifa chini ya sheria za Kenya, na ni mahali pa ibada. Makundi hutaka kulisafisha kwa nia njema, na nia njema imeharibu mawe mengi. Brashi ya waya hukwangua maandishi. Siki, limau na dawa za choo hula jiwe lenye chokaa. Bila idhini ya mwangalizi msiguse. Mkiruhusiwa, ni maji safi na brashi laini ya nywele, kutoka chini kwenda juu ili uchafu usichore michirizi, basi. Kuokota majani kunatosha na kunaruhusiwa daima.

Olave aliondoka Kenya mwaka 1942, akaliongoza vuguvugu la Girl Guides duniani kwa miaka mingi, akafariki Uingereza tarehe 25 Juni 1977. Majivu yake yaliletwa yakazikwa katika kaburi hilihili. Girl Guides walio kwenye kundi waambiwe. Mara nyingi husimama nyuma wakidhani si mahali pao.

Kaburi la Corbett liko karibu, kwenye makaburi hayohayo. Alifariki tarehe 19 Aprili 1955.

Tarehe 22 Februari msije kwa zoezi kama hili. Ni siku ya mwanzilishi, skauti hufurika Nyeri, na kila mtu anataka nafasi mbele ya jiwe. Ni sherehe nzuri, ila huwezi kunyamaza dakika mbili.

Siku ya nne, Jumatatu: makaburi mengine

Asubuhi vunjeni kambi kwanza. Mahema ya Nyeri hukauka polepole, na yaliyokunjwa mabichi huota ukungu kabla ya Jumatano.

Mathari, karibu na misheni ya Consolata, lipo kanisa la kumbukumbu la Waitalia. Humo wamo wanajeshi 676 waliofia Kenya, wengi wakiwa mateka, na katikati yao Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyeongoza majeshi ya Italia Afrika Mashariki, akajisalimisha Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941 na kufariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Alizikwa na askari wake. Nyeri pia ina makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, wakiwemo askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waafrika wa Afrika Mashariki. Someni majina ya Waafrika kwa sauti. Huchukua muda, na muda huo usikatwe.

Miongoni mwa vijana wa Nyeri waliovaa sare ya King's African Rifles alikuwa Waruhiu Itote. Alipigana Burma, vita vilevile ambavyo Corbett aliwaandalia wanajeshi. Corbett alipata Paxtu. Itote alirudi nyumbani kwenye ubaguzi uleule, akaingia msituni na kuwa Jenerali China wa Mau Mau, akakamatwa Januari 1954. Mwaka huohuo Treetops, hoteli ya Walker juu ya mti wa mugumo, iliteketezwa.

Kituo cha mwisho ni mjini, kwenye mnara mweupe wa waliokufa wakipigania uhuru kati ya 1951 na 1957. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na mji huu tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa hapahapa Nyeri, akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku nne baadaye, tarehe 22, skauti wa dunia walitimiza miaka mia moja tangu Baden-Powell azaliwe. Tarehe hizo mbili ziandikwe pamoja kwenye ukurasa mmoja wa daftari la kila skauti kabla ya kupanda basi.

Ondokeni kabla ya saa nane. Ukichelewa, Thika hadi Nairobi utaikuta imejaa magari ya jioni.